Vipande Vilivyobaki: Fedha za Bakaa ni za Nani?



Katika mkutano wa mtaa mmoja hapa katikati ya jiji, si mbali na Soko Kuu la Kariakoo, mama lishe mmoja alisimama na kuuliza swali fupi. Mwaka uliotangulia wananchi walikuwa wameelezwa kwamba zimetengwa fedha za kuzibua na kujengea mtaro unaopita mbele ya vibanda vyao. Mtaro haukujengwa. Masika yakaja, na maji machafu yakapanda hadi kwenye mafiga. Sasa mama yule akauliza: "Fedha za mtaro ule hazikutumika. Ziko wapi?" Jibu lilitoka meza kuu kwa sentensi moja: "Zimeshapangiwa matumizi mengine." Mwenyekiti akamshukuru mama kwa swali lake zuri, na mkutano ukaendelea na ajenda ya takataka.

Hatuna sababu ya kudhani kwamba fedha hizo ziliibwa. Huenda zilinunua madawati, au dawa za zahanati, au zililipa deni la mkandarasi ambaye naye ana watoto wa kulisha. Linalotusumbua ni neno lenyewe: "zimeshapangiwa". Ni neno lisilomtaja mtenda. Nani amezipanga? Alizipanga siku gani, mbele ya nani, akiwa amesikiliza kilio cha nani? Mama yule alirudi kwenye sufuria zake bila kujua, na sisi tuliokuwa tumeketi pamoja naye tulirudi nyumbani bila kujua. Tahariri hii inaandikwa kwa ajili ya swali lake.

Tunapenda kuanza kwa kueleza maana ya maneno, kwa sababu mwananchi asiyejua maneno ya vitabu vya hesabu hunyamazishwa kwa urahisi. Mwaka wa fedha wa Serikali yetu huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Kabla haujaanza, halmashauri huandaa makisio, yaani hesabu ya fedha inazotarajia kukusanya au kupewa, na kazi ambazo fedha hizo zitafanya. Mwaka unapofungwa, kilichobaki katika akaunti huitwa bakaa. Neno ni moja, lakini mambo yanayofichwa ndani yake ni matatu, na kila moja lina haki yake.

Kwanza, yako mapato yaliyozidi makisio. Halmashauri ilitarajia kukusanya kiasi fulani cha ushuru na leseni, ikakusanya zaidi. Hii ndiyo ziada ya kweli. Pili, zipo fedha zilizookolewa: kazi imefanyika kama ilivyopangwa, kwa gharama pungufu. Hapo watumishi wanastahili pongezi. Tatu, zipo fedha za kazi ambayo haikufanyika. Zabuni ilichelewa, au fedha ziliingia wiki za mwisho za Juni, au kazi iliachwa tu. Katika vitabu fedha hizi nazo zinasomeka kama salio. Lakini kwa mama lishe yule, hiyo si ziada hata kidogo. Ni mtaro wake ulioandikwa kwa tarakimu. Kuziita fedha za namna hii "zilizobaki" bila maelezo ni kumfanya aliyenyimwa aonekane kama mtu asiyekuwa na shida.

Je, sheria inasemaje juu ya uamuzi? Ibara ya 145 na ya 146 za Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 zinaweka serikali za mitaa, na kutaja lengo lake kuwa ni kuwapelekea wananchi madaraka. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Namba 9 ya 1982, inalipa Baraza la Madiwani jukumu la kupitisha makisio. Kwa utaratibu uliozoeleka, mapendekezo huanzia mtaani, yakapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, yakachambuliwa na wataalamu wa halmashauri, yakapita katika kamati za kudumu, kisha yakafika mbele ya Baraza zima. Kutoka hapo huenda mkoani, na kwa wizara inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, hadi Bungeni. Fedha za ruzuku ya Serikali Kuu zisizotumika hadi Juni kwa kanuni hutakiwa kurudi Hazina, isipokuwa kwa kibali. Yale ya mapato ya ndani hubaki kwa halmashauri, na kuyahamishia kazi nyingine kunahitaji idhini ya vikao.

Hivyo ngazi za kupandia zipo. Tatizo ni kwamba makisio ya mwanzo wa mwaka hupanda ngazi zote, lakini bakaa mara nyingi hurukia ngazi ya juu. Mwanzoni mwa mwaka mtaa huulizwa, walau kwa jina, mahitaji yake. Mwishoni mwa mwaka hakuna anayerudi kuuliza. Muda ni mfupi, hofu ya fedha kurudishwa ni kubwa, na katika haraka hiyo ya Juni kalamu za wachache huamua yale ambayo miguu ya wengi iliyatembelea mwaka mzima. Ndipo hununuliwa visivyohitajika kwa sababu tu vinaweza kununuliwa upesi. Mtaro hauchimbwi kwa wiki mbili, lakini viti vya ofisi hufika kesho yake.

Wakazi wa Dar es Salaam wana sababu ya kulifikiria jambo hili kuliko wengine, maana zaidi ya mara moja wameona chombo chao cha uamuzi kikiondolewa. Kuanzia 1972, katika mpango wa madaraka mikoani, halmashauri zilivunjwa nchini. Za miji zilianza kurejeshwa 1978, na sheria za 1982 zikazisimamisha upya. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa kwa sababu ya hali mbaya ya huduma na uongozi, ikawekwa Tume ya Jiji hadi 2000, zilipoanza kazi manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji iliyokuwa juu ya manispaa hizo ilivunjwa, na Ilala, ambamo Kariakoo imo, ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Huenda kila badiliko lilikuwa na hoja zake. Hata hivyo kila mara mwenye duka la Mtaa wa Kongo na mchukuzi wa Msimbazi waliendelea kulipa, huku wakijifunza upya ni mlango gani wa kubisha.

Mfano mmoja uko karibu nasi. Jiji lilikuwa na asilimia 51 ya hisa katika Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, na Serikali Kuu asilimia 49. Hisa za Jiji ziliuzwa katika mauzo yaliyozua mabishano ya miaka mingi, na zikatajwa hadharani shilingi bilioni 5.8 zilizotokana nayo. Hizo zilikuwa fedha za kuuza mali, ambazo hazirudi kila mwaka kama ushuru. Mali huuzwa mara moja tu. Matumizi yake yakawa mgogoro. Januari 2020 Meya wa Jiji aliondolewa kwa kura za madiwani, na suala la fedha hizo lilikuwa miongoni mwa tuhuma alizotolewa, ambazo alizikana. Mwaka uliofuata halmashauri yenyewe ikavunjwa. Sisi si mahakama, wala hatusemi nani alikuwa na haki. Tunasema tu kwamba mkazi wa kawaida, ambaye wazazi wake walipanda mabasi yale kwa nauli yao, aliyasoma mambo hayo magazetini kama mtu anayesoma habari za mirathi ya jirani. Hakuyasoma kama mrithi.

Mfano mwingine ni wa kitaifa, na una sura njema. Mwaka 2015 sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba zilisitishwa, na shilingi bilioni 4 zilizotengwa zikaelekezwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge hapa jijini. Mwaka 2022 sherehe zilisitishwa tena, na shilingi milioni 960 zikaelekezwa kujenga mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu. Nani hatafurahi kuona gwaride likigeuka bweni la mtoto asiyeona? Sisi tulifurahi. Lakini furaha isitusahaulishe kuuliza. Uamuzi ulitoka juu, ukatangazwa, ukapigiwa makofi. Wananchi waliozoea kupokea mema kwa njia ya tangazo hujifunza kushukuru, nako kushukuru ni vema. Ila hawajifunzi kuamua. Na siku tangazo litakapokuwa baya, watakuwa hawana zoezi la kusimama na kusema hapana.

Historia ya jina la mahali petu inalifundisha jambo hili kwa uchungu zaidi. Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya kwanza, waliokuwa na kambi yao hapa. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa njaa, kuhara na homa, wakibeba mizigo ya vita ambavyo hawakuviamua. Wengi waliokufa au kupotea walikuwa wakidai mishahara yao. Fedha hizo hazikufika mikononi mwa wajane na watoto wao. Zilibaki katika vitabu vya watawala kama fedha zisizodaiwa, na wakubwa wa ofisi wakaandikiana barua juu ya nini kifanyike. Katika lugha ya vitabu ile ilikuwa bakaa. Mbele ya Mungu ilikuwa ni ujira wa wafu. Kila tunapolitaja jina Kariakoo, tunataja, bila kujua, deni ambalo halikulipwa kwa sababu mdai hakuwa mezani.

Sasa na tuliangalie Neno la Mungu. Wainjili wote wanne wanatusimulia Bwana wetu akiwalisha watu elfu tano. Lakini Mtakatifu Yohane, katika sura ya sita, anaongeza jambo ambalo mahubiri yetu huliruka. Watu walipokwisha kushiba, Yesu aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyosalia ili kisipotee chochote, nao wakajaza vikapu kumi na viwili. Yeye aliyeweza kufanya mkate kutoka mikate mitano hakuwa na hofu ya kupungukiwa. Hata hivyo aliamuru masalio yakusanywe na yakajulikana idadi yake. Kama Mwana wa Mungu alitaka bakaa ya muujiza ihesabiwe mbele ya umati, halmashauri ya binadamu itasema nini kuhusu bakaa ya ushuru?

Katika sura ya sita ya Matendo ya Mitume tunakuta Kanisa la mwanzo likiwa na shida inayofanana na yetu. Katika ugawaji wa kila siku, wajane wa Wayahudi wenye kusema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa. Manung'uniko yakatokea. Tazameni walivyofanya Mitume. Hawakuwaambia wajane kwamba chakula kimeshapangiwa matumizi mengine. Hawakuwaita wachochezi. Waliita mkutano wa wanafunzi wote na kuwataka wao wenyewe wachague watu saba wenye sifa njema, na majina ya saba hao ni ya Kigiriki, maana yake inaelekea waliwekwa watu wa upande ule uliokuwa ukilalamika. Aliyesahauliwa katika ugawaji alipewa nafasi katika kuamua ugawaji. Hilo halikulidhoofisha Kanisa. Mtakatifu Luka anasema kwamba neno la Mungu lilizidi kuenea.

Upo pia mfano wa Yosefu huko Misri, na huu ni onyo. Kwa busara aliyopewa na Mungu aliweka akiba ya nafaka katika miaka saba ya neema. Njaa ilipokuja, watu walipona. Lakini someni hadi sura ya 47 ya kitabu cha Mwanzo. Nafaka iliyokusanywa mashambani mwao waliuziwa tena wao wenyewe, kwanza kwa fedha, kisha kwa mifugo, mwisho kwa ardhi na uhuru wao, hata wakawa watumwa wa Farao. Akiba iliwekwa kwa uhodari, ila wenye mashamba hawakuwa na kauli juu yake. Yaweza kutokea basi kwamba fedha za umma zisiibwe hata senti moja, na bado watu wakapoteza utu wao katika namna ya kuzisimamia.

Mafundisho ya jamii ya Kanisa yameyaweka haya katika kanuni. Baba Mtakatifu Pio XI, katika waraka wake Quadragesimo Anno wa 1931, alifundisha kanuni ya auni: jambo ambalo jumuiya ndogo inaweza kulifanya lisinyakuliwe na chombo kikubwa, na chombo kikubwa kipo kwa ajili ya kuisaidia ile ndogo. Mtaa unajua mtaro wake kuliko mkoa. Pamoja na kanuni hiyo kuna ya mshikamano na ya manufaa ya wote, kwa sababu mtaa mmoja haupaswi kujilimbikizia na kusahau mwingine. Kwa hiyo hatusemi kwamba fedha zote za Kariakoo zibaki Kariakoo kwa kuwa soko ni letu. Ndani ya Jiji hili hili wamo watoto wa pembezoni, kama kule Chanika, wanaohitaji madarasa, na soko letu hulishwa na wakulima wa Lushoto na Mbeya. Tunasema kwamba tukiombwa kutoa tuombwe kama ndugu. Tusichukuliwe kama mfuko usio na mwenyewe.

Tunajua pingamizi zitakazotolewa, nazo zinastahili jibu la heshima. Pingamizi ya kwanza ni kwamba fedha ni jambo la kitaalamu. Ni kweli. Mchumi wa halmashauri anajua vifungu na kanuni ambazo sisi hatuzijui, na mhandisi anajua kina cha mtaro. Lakini mtaalamu anajua namna ya kujenga. Lipi lijengwe kwanza ni swali la haki, na katika swali hilo mchukuzi wa Shimoni ana elimu yake. Pingamizi ya pili ni kwamba watu wakiulizwa watataka kila kitu, na hakuna kitakachofanyika. Uzoefu hauonyeshi hivyo. Katika mji wa Porto Alegre nchini Brazil, kuanzia 1989 na kwa miaka mingi, wakazi walikutana kitongoji kwa kitongoji na kupanga kwa kura sehemu ya bajeti ya mji. Walijifunza kuchagua kwa kuwa walionyeshwa kiasi kilichopo. Jirani zetu wa Kenya, kwa Katiba yao ya 2010, wameyaweka maoni ya wananchi kuwa sharti katika mambo ya fedha za umma, na bakaa ya kaunti haitumiki mwaka unaofuata bila Bunge la kaunti kuidhinisha. Utekelezaji wao una kasoro nyingi, nao wenyewe husema. Lakini mwananchi wa kule ana mahali pa kusimama anapodai.

Pingamizi ya tatu ni nzito zaidi: kwamba yako majanga yasiyongoja mikutano. Soko letu, lililosanifiwa na Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa 1975, liliungua tarehe 10 Julai 2021. Serikali Kuu ikatenga zaidi ya shilingi bilioni 28 kwa ukarabati na ujenzi. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka hapa Kariakoo na kuua watu zaidi ya ishirini, huku waokoaji wakichimba kwa siku kadhaa kuwafikia waliofukiwa. Katika saa kama hizo kiongozi lazima aamue mara moja, nasi tunamwombea. Lakini baada ya moto kuzimwa haraka huisha, na maswali hubaki. Kuhusu soko, lililowaumiza vichwa wafanyabiashara wengi halikuwa rangi ya paa wala idadi ya sakafu. Lilikuwa ni nani ataorodheshwa kurudi na nani ataachwa nje. Na kuhusu ghorofa, tujiulize ni mara ngapi fungu la ukaguzi wa majengo limewahi kuombewa bakaa ya mwaka. Ukaguzi haukatiwi utepe. Lakini hata janga huandaliwa na maamuzi madogo ya miaka ya amani, na miongoni mwa maamuzi hayo ni namna tunavyotumia kilichobaki.

Tuongeze neno la tahadhari kwa upande wetu wananchi. Sheria ilirekebishwa 2018 ili halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Lengo lilikuwa jema. Lakini Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali aliibua kasoro kubwa, zikiwemo fedha zisizorejeshwa na vikundi visivyokuwepo, hata utaratibu ukasimamishwa 2023 na kuanza upya 2024. Vikundi hewa havikuundwa na watumishi peke yao. Wapo waliokubali majina yao yaandikwe, wapo waliogawana na kutawanyika, na tusijidanganye kwamba hakuna aliyekuwa mbatizwa. Hatuwezi kudai sauti katika fedha za umma na wakati huo huo kuzihesabu kama mbuzi wa bwana asiye na mchungaji.

Na sisi tunaohudumu altareni tusijifiche nyuma ya kalamu. Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 12, mfalme Yoashi aligundua kwamba makuhani walipokea fedha miaka mingi bila kuitengeneza nyumba ya Bwana. Likawekwa sanduku lenye tundu, na fedha zikahesabiwa na watu wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu. Je, katika parokia zetu salio la mavuno husomwa mbele ya waamini? Michango ya ujenzi ikivuka lengo, nani huamua ziada iende wapi: Halmashauri ya Walei ikiwa imeketi, au paroko akiwa peke yake ofisini? Tukisema na Baraza la Madiwani juu ya uwazi huku vitabu vyetu vimefungwa, tutastahili kucheka wenyewe kabla hawajatucheka. Tunaanza na sisi. Tunazihimiza parokia zote zitangaze salio la mwaka, kwa tarakimu, na kuliacha kwenye ubao wa matangazo kwa majuma yasiyopungua manne.

Kwa jumuiya ndogo ndogo tunapendekeza mambo machache yanayowezekana. Msingoje Juni. Kuanzia Januari, wakati makisio mapya yanapoandaliwa, kila jumuiya iulizane: mwaka jana mtaa wetu uliahidiwa nini, kipi kimefanyika, kipi hakikufanyika? Orodha hiyo iandikwe kwenye daftari la jumuiya, kwa tarehe. Kisha wachaguliwe wawili au watatu wa kuhudhuria mkutano wa mtaa kila unapoitishwa, nao wasiende peke yao. Kariakoo ni nyumba ya Waislamu na Wakristo pamoja, na maji ya mtaro hayaulizi dini ya mtu kabla ya kuingia ndani. Waende na majirani wa msikitini, mama lishe, wachukuzi, machinga na wenye maduka, ili lisionekane dai la kundi moja.

Huko wakaulize maswali matatu kwa adabu na bila kelele. Je, kwa mwaka uliofungwa, bakaa ya fedha zilizohusu mtaa au kata yetu ni kiasi gani? Je, imetokana na mapato kuzidi, na gharama kupungua, au na kazi kutofanyika? Je, ni kikao gani kilichoamua matumizi yake mapya, na kwa muhtasari wa tarehe gani? Wakikosa jibu, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayompa raia haki ya kuomba kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30. Ipo ripoti ya Mdhibiti, inayowasilishwa kila mwaka na kujadiliwa hadharani. Yupo diwani, ambaye vikao vya Baraza lake viko wazi kwa wananchi kuhudhuria na kusikiliza. Tusiende kwa diwani wakati wa misiba na michango ya harusi tu. Twende pia na daftari.

Kwa madiwani na watumishi wa halmashauri, ambao wengi wao husali nasi Jumapili, tunasema kwa upendo. Hatuandiki haya ili kuwaaibisha. Tunajua mzigo wenu, tunajua maagizo yanayowajia usiku, na tunajua kwamba wapo kati yenu waliokataa kutia saini na wakalipia ukaidi huo mwema. Tunaomba jambo moja tu: bakaa ishuke ngazi zile zile ilizopandia. Fedha zilizotengwa kwa mtaro wa mtaa fulani zisihamishwe kabla mtaa huo haujaambiwa na kusikilizwa. Ikilazimu zihamishwe, sababu ibandikwe mahali ambapo watu husoma. Na kazi iliyoahirishwa iwe ya kwanza katika makisio yanayofuata, isipangwe upya mwisho wa foleni kama ombi jipya.

Mama yule bado anapika mahali pale pale. Mapema alfajiri anawasha moto kabla malori ya viazi na nyanya hayajamaliza kushusha mizigo, na mtoza ushuru humpitia kama anavyowapitia wengine. Hakuuliza swali la siasa. Aliuliza habari za kitu chake. Mwaka huu tutakwenda naye tena kwenye mkutano wa mtaa, tukiwa wengi zaidi na daftari mkononi, kuuliza swali lile lile mpaka lipate mtenda wake.

Kristo aliyeamuru vipande vikusanywe ili kisipotee chochote atujalie macho ya kuviona, mikono safi ya kuvihesabu, na moyo wa kuvigawa kwa haki.